Saa inayobembea mkononi mwa sanamu: kwa nini inasimama

Saa hizi zilitengenezwa Ujerumani na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Sanamu ya mwanamke, au ya tembo aliyeinua mkonga, hubeba saa nzima pamoja na fimbo na tufe zito la chini, na vyote vinabembea bila kuonekana kinachovisukuma. Ukikuta nyota yenye herufi J kwenye mtambo, hiyo ni Junghans, kiwanda kilichoanzishwa Schramberg mwaka 1861. Za Marekani zinazojulikana zaidi ni za Ansonia.

Siri imo mgongoni mwa saa. Ndani kuna pendulamu ndogo, yaani uzito unaobembea, inayosukumwa na mtambo, na kila inaposukumwa upande mmoja, saa yenyewe husukumwa kidogo upande wa pili kwa kuwa inaning'inia huru. Msukumo huo ni mdogo mno. Kwa hiyo usikimbilie kufungua mtambo. Kagua kwanza saa imekaa wapi na inaning'inia vipi.

Kabati la sebuleni lenye miguu inayocheza linakula nguvu yote. Saa itabembea dakika chache, kisha kimya. Iweke kwenye rafu iliyofungwa ukutani au meza nzito juu ya sakafu ya saruji, mbali na dirisha, maana hata upepo mdogo unaivuruga. Pima kwa pima maji. Kuinama kushoto au kulia si tatizo kubwa, kwa sababu saa inajinyoosha yenyewe. Kuinama mbele au nyuma ndiko kubaya: uzito unaangukia ncha moja kati ya mbili zinazoibeba saa, na saa inaweza kugusa sanamu.

Ncha hizo mbili za chuma ndizo moyo wa kazi. Zifute, pamoja na vishimo vinavyozipokea, kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta hapo. Kwa vumbi la Arusha wakati wa kiangazi, mafuta yanageuka tope baada ya muda mfupi. Ncha ikiwa butu, fundi ainoe kwa jiwe laini, lakini zote mbili zibaki na urefu sawa.

Kisha fungua kifuniko cha nyuma na uangalie kama pendulamu ndogo inagusa chochote. Kibanzi chembamba kinachoishikilia hupinda kirahisi, na kikipinda mlio unachechemea: tik... tak-tik... tak. Usiitumie pendulamu hiyo kurekebisha majira. Kazi hiyo ni ya nati iliyo chini ya tufe kubwa: ukiipandisha saa inaenda mbio, ukiishusha inachelewa. Zungusha kidogo, subiri saa 24, ndipo uzungushe tena.

Saa iliyorekebishwa Ujerumani ikafikia Arusha itachelewa, hata ikiwa nzima kabisa. Huku karibu na Ikweta, tena kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mvutano wa dunia ni mdogo kidogo, na pendulamu inabembea polepole. Tofauti ni dakika 2 na ushee kwa siku. Moshi iko chini zaidi, lakini hainusuriki sana. Mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer aliliona jambo hilihili mwaka 1672 alipopeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Dawa ni kufupisha pendulamu: kwa pendulamu ya kawaida ya sentimita 30 ni kama milimita 1 tu. Fundi asiyelijua hili atabadilisha springi bure.

Sanamu nyingi ni za zinki iliyopakwa rangi ya bronzi. Kwangua kidogo chini ya kitako: kijivu ni zinki. Usiisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba, rangi yote itatoka. Mkono ukipasuka begani, usimpelekee mchomeleaji. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 tu, na mwali wake utaacha shimo. Tumia gundi ya epoksi na kipini cha chuma ndani, kisha usitundike saa mpaka gundi ikauke sawasawa.

Ukihama nyumba, tenganisha saa na sanamu, funga pendulamu ndogo kwa kitambaa laini isicheze, na usiipakie bodaboda.