Vile tulipunguza sukari kwa nyumba bila kuing'oa

Nimechoka kuambiwa ati ukitaka kupunguza sukari hamia asali. Nimeambiwa kazini, nimeambiwa saluni, hata jamaa wa jim hapa karibu na steji alinishikilia na hiyo maneno, na huyo akaongeza ati tuache ndizi na maembe. Wacha niseme vile sisi tulifanya hapa Umoja na ikashika. Tuko watano, mimi, Baba Brian na watoto watatu.

Baba Brian alipimwa sukari ya damu asubuhi kabla hajaweka kitu mdomoni, ikasoma 6.4 mmol/L. Kisukari bado, lakini daktari akamwambia uko mpakani, punguza uzito, tembea, punguza sukari. Basi ushauri wa kwanza tuliopewa ni toa sukari yote kwa nyumba, siku moja, maliza. Tukatoa. Wueh! Chai ikawa inalala kwa thamosi mpaka inapoa. Watoto wakitoka shule wanapitia dukani kununua zile juisi za pakiti. Baba Brian naye nikaja kujua kila asubuhi anaingia kibanda cha chai karibu na kazi yao, ile chai inachemshwa na sukari ndani ya sufuria huwezi hata kuambia mtu akupunguzie, na mandazi mbili juu yake. Yaani nyumba haina sukari na watu wa nyumba wanakula nyingi kuliko mbeleni! Huo ushauri ni mbaya, nitasema hivyo mpaka nizeeke.

Na asali ni sukari, jamani. Karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kwa vile ni nzito, kijiko kimoja cha asali kinabeba sukari kushinda kijiko cha sukari yenyewe. Sukari nguru pia ni miwa tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa sukari ya kupunguza 2015, na kwa hesabu yao asali imo, na juisi imo hata kama umekamua mwenyewe na matunda ya soko la Marikiti. Tunda zima halimo, maziwa hayamo. Embe ukilitafuna linakuja na nyuzi zake, sukari inaingia kwa damu polepole, na unashiba. Kwa hivyo ndizi zetu hazikuenda popote.

Kilichotusaidia ni mizani. Jirani yangu anaoka keki za kuuza, nikamwomba ile mizani yake ndogo jioni moja, nikaiweka mezani na bakuli ya sukari, nikaambia kila mtu atie chai yake vile hutia siku zote, lakini kijiko kipitie kwa mizani kwanza. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Cha Baba Brian kilikuwa na mlima juu, gramu 7 na kitu! Na yeye hutia vitatu, asubuhi na jioni. Alikitazama hicho kijiko akanyamaza, halafu akachukua kisu akasawazisha mwenyewe. Sikuwa nimemwambia kitu. Watoto nao wakaanza kushindana nani kijiko chake kina mlima mdogo.

Halafu nikafanya hesabu ya pakiti. Tulikuwa tunamaliza kilo 2 kwa wiki. Gawa kwa watu watano na siku 7, ni kama gramu 57 kila mtu kila siku, na hapo sijagusa soda wala biskuti. Ule mwongozo wa Shirika la Afya unasema mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwa 25, ambayo ni vijiko 6 hivi, na mtoto anafaa kula chini ya hapo. Soda ya kola ya nusu lita peke yake ina gramu 50 na kidogo. Tukaiacha ya Jumapili tu, ile chupa ndogo.

Sukari siku hizi inapimwa Jumapili, inaingia mkebe, ikiisha imeisha mpaka Jumapili ingine. Tulianza na kilo moja na nusu, tukashuka polepole, sahi tuko chini ya kilo. Chai naichemsha bila sukari, maziwa mengi maji kidogo, tangawizi iliyopondwa na iliki, kila mtu anatia yake kwa kikombe. Maziwa mengi yana utamu wake, ndio maana usiyabane. Pesa ya sukari iliyobaki, mia mbili hivi kwa wiki, inaenda kwa hayo maziwa.

Nilichokuwa naogopa ni mama mkwe. Ametoka Mumias, shamba la miwa liko nyuma ya nyumba, na kwao mgeni hapewi chai isiyo na sukari. Nikamwekea bakuli mbele yake nikamwambia, "Mama, jipimie vile unapenda." Akaonja kwanza, akatia kimoja, akasema, "Mama Brian, hii chai ina maziwa ya ukweli." Basi!

Baba Brian alirudi kupimwa ikasoma 5.5. Si sukari peke yake, pia alikuwa anashuka matatu steji mbili mbele ya nyumba anatembea, na ugali wa usiku tulipunguza, kwa sababu ugali nao ukifika tumboni unageuka glukosi.

Lakini shangazi yangu anayejidunga insulini, hii hesabu haimhusu siku sukari imeshuka. Akianza kutetemeka na jasho baridi, kama bado anaweza kumeza, anapewa vijiko vitatu au vinne vya sukari kwa maji hapo hapo, halafu baada ya dakika 15 anapimwa tena. Akija kulala kwetu kuna pakiti yake kando juu ya kabati, na watoto wote wanajua iko wapi.