Feruzi ya Lubumbashi

Dola 40 nilizotoa kwa ule ushanga zinaniuma mpaka leo. Na hazikuwa dola za kuokoteza. Lubumbashi, kule Kongo, noti yenye mpasuko mdogo hata wa ukucha haipokelewi, kwa hiyo zangu nilizibeba tangu Dar es Salaam zimelazwa ndani ya daftari, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Moja ilichanika pembeni tukiwa mpakani Kasumbalesa. Nimerudi nayo nyumbani, hakuna aliyeitaka.

Nilikwenda kutafuta feruzi, lile jiwe la bluu la urembo. Kazi yangu ni kutunga mikufu na hereni, na wateja wangu, hasa kina mama wa Tanga na Unguja, hawachoki kuiulizia. Wapo wanaoipendea rangi, wapo wanaokumbuka pete za wazee wao. Nikajipigia hesabu: feruzi ni jiwe lenye shaba, na shaba iko Katanga, huko huko Lubumbashi iliko. Jimbo lenyewe liliwahi kuitwa Shaba, tangu 1971 mpaka 1997, kwa Kiswahili hikihiki chetu. Nikakata tiketi ya basi.

Njia siielezi. Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi, Kitwe, Chililabombwe. Siku zile zimechanganyika kichwani, zimebaki miguu iliyovimba na chipsi baridi kwa bei ya kuku mzima. Ninachokikumbuka vizuri ni malori. Karibu na Kasumbalesa yalikuwa yamejipanga hata mwisho wake hauonekani, mengi yana namba za kwetu, na yanayotoka Kongo yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa minyororo, yanakuja bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo inapita Mbeya, inapita Morogoro, tunaipisha barabarani kila siku wala hatuitazami.

Mpakani nilionyesha kadi ya homa ya manjano mara tatu. Kisha kilomita 90 hivi za vumbi jekundu, mpaka nikauona ule mnara mrefu wa moshi na kando yake kilima cheusi, ambacho si kilima bali ni mabaki ya kuyeyushia shaba, yamerundikwa kwa miaka mingi. Hapo ndipo Lubumbashi.

Lugha yao ilinifurahisha kuliko kitu chochote. Ni Kiswahili, unaelewa, lakini kila sentensi ina kona usiyoitarajia. Vitu ni bintu, watu ni batu, ugali ni bukari, kisamvu ni sombe. Nilikula bukari na sombe siku zote nilizokaa kule, kwa sababu chakula cha hotelini kilikuwa kwa dola, na chumba chenyewe kilikuwa dola 35 bila jenereta. Ukitaka jenereta usiku unaongeza. Sikuongeza.

Kijana wa ushanga nilimkuta siku ya pili, barabarani, amepanga meza: mayai ya malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, mamba wa malakiti, bangili, picha za shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Nikamuuliza feruzi, hakuelewa. Nikamwonyesha rangi kwenye kanga yangu. Akainama chini ya meza akatoa ushanga wa bluu, bluu ya bahari ya Pangani saa nne asubuhi, una mishipa myeusi myembamba.

"Tirkwazi, mama. Ya kweli kabisa, haiko bongo."

Tirkwazi ndiyo feruzi yetu. Nikatabasamu nikamwambia mimi ndiyo nimetoka Bongo. Akanitazama kwa mashaka. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba kule bongo ni uongo. Jiji langu zima, kwa masikio ya yule kijana, ni uongo, na mimi nimesimama mbele yake nikijitangaza kwamba nimetoka huko. Akataka 60, tukafika 40, nikaondoka moyo unanidunda kwa furaha.

Usiku ule umeme ulikatika, joto likapanda, nami nililala na ushanga shingoni kwa kuupenda. Alfajiri nilipowasha tochi ya simu kujitazama kwenye kioo, shingo yangu ilikuwa ya bluu. Kola ya gauni la kulalia ilikuwa ya bluu. Punje moja ilikuwa imepasuka kwa kulaliwa, na ndani yake ilikuwa nyeupe kama chaki.

Nilirudi pale barabarani, meza haipo. Mama muuza maandazi jirani alinionea huruma. Alinishika mkono mpaka uani kwa mzee mmoja anayechonga malakiti. Sitamtaja jina, ila kila aliyepita alimwita Papa Fundi, na mimi nikamwita mzee, neno lililowafaa wote.

Alikuwa amekaa mbele ya jiwe la kusagia linalozungushwa na mota ndogo. Juu yake ameninginiza kopo lililotobolewa kwa msumari, maji yanadondoka tone kwa tone juu ya jiwe, na tope la kijani linateremka kwenye beseni. Kucha zake zilikuwa za kijani mpaka ndani ya nyama. Kitambaa amejifunga puani. Nilipokaribia alinisukuma nyuma kwa kiwiko: "Usivute ile vumbi, mama. Malakiti kavu ni sumu." Kumbe ndiyo kazi ya lile kopo, kuzuia vumbi lisiruke.

Nikampa ushanga. Hakuuangalia sana. Alikwaruza punje moja kwa ncha ya kisu, ukatoka unga mweupe. Akaniuliza kama nina dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ninayo, mwanamke hasafiri bila. Akaloweka pamba, akasugua, pamba ikawa bluu na punje ikawa na doa jeupe. "Hii si jiwe ya shaba. Ni jiwe nyeupe, balipaka rangi." Nimesoma tangu wakati huo kwamba mara nyingi mawe ya namna hii ni hauliti au magnesiti, nayo hunywa rangi kama pamba. Akanionyesha na jambo moja la bure: rangi ilikuwa imejikusanya kwenye nyufa na kuzunguka tundu la uzi. Ningetazama tundu tu, dola zangu zingebaki daftarini.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo anaanza. Alizima mota, akamwaga mezani mfuko wa vipande, akanifunza mpaka adhuhuri.

Kwanza mkono. Alinipa vipande viwili vya ukubwa mmoja, vyote kijani-bluu. Kimoja kilizama kiganjani kama risasi ya nyavu ya uvuvi: malakiti, uzito wake karibu mara 4 ya maji. Kingine kilikuwa chepesi, na hicho ndicho nilichoamini kwa macho kwamba ni feruzi. "Weka ku ulimi." Nikasita, nikaweka. Kiliganda. Kilininata ulimini, nikakivuta kikatoka na mlio mdogo. "Unasikia? Inashika. Ni krisokola." Krisokola nayo ni jiwe la shaba. Feruzi nzuri haishiki hivyo, wala kisu hakiiumizi kirahisi, lakini krisokola laini unaikwaruza kwa sarafu.

Kisha akatoa chupa ya maji ya betri, akaninyoshea kidole nikae mbali, akadondosha tone kwenye unga wa malakiti. Ulichemka, povu likapanda, na kilichobaki kilikuwa maji ya bluu safi. Akadondosha tone jingine kwenye krisokola, povu halikutokea. Malakiti na ile ya bluu iliyoiva, azuriti, zote zina hewa ndani yake, alisema, ukizichoma kwa asidi hewa inatoka.

Nikamuuliza basi feruzi yenyewe iko wapi hapa Katanga. Miaka yote ya kazi yake, akasema, hajaiona ikitoka kwenye udongo wa kwao. Shaba peke yake haitoshi. Feruzi inataka shaba, alumini na fosforasi vikutane mahali pamoja na maji, kama Nishapur kule Iran, au Sinai walikochimba watu wa Farao. Katanga shaba yao iliungana na vitu vingine, ikazaa ndugu wengine.

Alinisimulia pia vilima vya kwao visivyoota miti kwa sababu ya shaba iliyo chini, ambavyo wazee walivitambua kwa upara huo. Huko waliokota malakiti, wakayeyusha na kuimimina iwe misalaba ya shaba, fedha ya zamani. Na Msiri aliyetawala Bunkeya, hukohuko Katanga, mpaka alipouawa mwaka 1891 alikuwa Mnyamwezi, mtu wa kwetu. Mzee alilisema hilo kama anayeniambia tuna undugu, nami nikalipokea hivyo.

Nilinunua kwake malakiti na krisokola kwa dola 25. Hakunipunguzia hata senti na sikuomba.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja Tanga, kwa mama, kwa sababu ya pete ya bibi. Ni pete ya fedha yenye feruzi iliyobadilika kuwa kijani cha mtini. Tumekua tukiambiwa iligeuka mwaka aliofariki babu, kwamba jiwe lilijua. Mama alikataa katakata nisiikwaruze. Nikaitazama dirishani kwa kioo cha kukuzia: mishipa ya kahawia, rangi haikujikusanya kwenye nyufa, hakuna mapovu kama ya kioo. Nikamweleza mama kwamba feruzi ya kweli ina vitundu vidogo, inanyonya jasho, sabuni na mafuta, ndiyo maana bluu yake huenda ikageuka.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Bibi yako alikuwa haivui. Hata akikamua tui."

Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, vidole vimefumbwa, chicha inabanwa, na tui linapita kati ya vidole, juu ya pete.