Kitufe cha Kutoa

Juzi jioni binti yangu alinijia na daftari la hesabu mkono mmoja, sarafu mkono wa pili. Wamefika sura ya uwezekano.

"Baba, nimerusha mara tano, zote kichwa. Sasa ya sita si lazima iwe mkia?"

Jibu nalijua. Nusu kwa nusu, kama mara zote tano zilizopita. Sarafu haikumbuki ilivyotua dakika moja iliyopita. Lakini nilichelewa kujibu, kwa sababu kifuani kitu kilikuwa kimeshamjibu kabla yangu: ndiyo, mkia, sasa ni zamu ya mkia. Kikasema kwa uhakika uleule wa zamani. Miaka sita, na bado kinajua njia ya kuja.

Nikamwambia anipe dakika moja, nikatoka nje.

Usiku ule nimekuwa nikiupitia juujuu kila ninapousimulia. Hata kwenye kikundi chetu cha tunaoacha kamari nilisema tu "nilicheza ada ya watoto", wenzangu wakatikisa vichwa, tukaendelea. Kuna dakika moja ndani yake sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa bafuni, nimekalia ndoo niliyoipindua, taa imezimwa ili mama yao asione mwanga chini ya mlango. Simu ilikuwa imepata moto mkononi, chaji asilimia tisa. Sauti nilikuwa nimeshaiondoa siku nyingi. Mtu akishafika hatua yangu hahitaji ule muziki. Wiki tatu kabla nilikuwa nimekabidhiwa hela ya ada niipeleke Jumatatu. Nikaigusa kidogo, nikaliwa, nikaigusa tena ili niirudishe ile ya kwanza. Mnaojua mnajua. Kufikia usiku ule ilikuwa imebaki kiasi cha kukutia aibu hata kukipeleka, na nilikuwa nimejiapiza: ikirudi tu ada, kamili, nisiongeze hata shilingi, naacha.

Niliacha mechi zamani, zilikuwa zinachukua muda mrefu mno kunipa jibu. Nilikuwa kwenye gurudumu, ruleti ya kwenye simu: linazunguka, nawe unabahatisha mpira utatua kwenye tundu la rangi gani. Pembeni ya kioo wanakupangia matokeo yaliyopita, vidoti vyekundu na vyeusi kama shanga. Usiku ule vilisimama vyekundu saba mfululizo. Leo najiuliza kwa nini mwenye mchezo anihangaikie kuniwekea historia isiyoweza kunisaidia kitu. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira ulitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumimina hela kwenye nyekundu kila mzunguko, kila mmoja akiona zamu yake imekaribia. Mimi niliviona vidoti saba vyekundu nikaona deni. Nyeusi inadaiwa. Hata ile nusu yenyewe haikuwa nusu: gurudumu lile lina matundu 37, nyekundu 18, nyeusi 18, na moja la kijani, la sifuri, ambalo ni la mwenye mchezo. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Kujua hakujawahi kunizuia.

Nikaweka yote kwenye nyeusi. Ikaja nyeusi. Nikaacha yote palepale. Nyeusi tena. Nikapumzika mzunguko mmoja, nikarudi na nusu, nikala, nikaweka tena, nikala.

Saa saba na dakika arobaini usiku, salio lilikuwa limeipita ada.

Hapa ndipo nataka kukaa.

Juu ya kioo, kona ya kulia, kulikuwa na kitufe cha kijani kimeandikwa "Toa". Kidole gumba kilikuwa juu yake. Sikukigusa, kilikuwa juu yake tu, kama unavyoning'iniza mkono juu ya maji kuona kama yamechemka. Bomba lilikuwa linadondosha tone, linanyamaza, linadondosha. Upande wa pili wa ukuta niliwasikia watoto wakipumua, mmoja ana mafua. Kila kitu nilichokuwa nimekiomba kwa wiki tatu kilikuwa umbali wa unene wa kucha kutoka kwenye ngozi yangu. Nilisubiri furaha ije. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kama nyumba baada ya wageni kuondoka. Nikawaza, neno kwa neno: nikitoa sasa, usiku uliobaki nitaufanya nini?

Chini ya kioo saa ya mzunguko mpya ilianza kuhesabu kurudi nyuma. Kumi na tano. Kumi na nne. Moyo ukaamka. Nilihisi kabisa ulivyoamka, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kidole kikashuka chini.

Hayo mengine yalikwenda haraka. Nyeusi nne zikafuatana nikaenda na nyekundu, nikaongeza dau, nikaongeza tena. Kabla ya saa nane na nusu nilikuwa na sifuri na chaji asilimia mbili. Nakumbuka nilipumua, na sitaki kudanganya, pumzi ile ilikuwa karibu na nafuu. Hapakuwa na cha kuamua tena.

Shule wakapiga simu, mwenzangu akajua, kaka yangu akalipa bila kuniambia neno na mpaka leo hajaniambia. Simu ikachukuliwa. Ndugu wakakaa kikao, na kikaoni neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa tamaa. Tamaa imemponza. Nililipokea, maana nani angenisikiliza siku ile? Lakini nimekuwa nikilipinga moyoni kwa miaka sita, na nitalipinga hapa. Mwenye tamaa angebonyeza. Mwenye tamaa anapenda hela. Ukimwekea mbele hela aliyoitaka pamoja na ziada, anaichukua anakwenda kulala. Mimi hela niliishika mkononi nikaona haina kazi nyingine isipokuwa kununua sekunde nyingine kumi na tano.

Baadaye, nilipoanza kusoma ili nijielewe, nilikutana na kazi ya Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, aliyewapima nyani chembe za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu na kutarajia. Mwanzoni chembe zile zilishtuka nyani alipopewa juisi. Akishaizoea ishara inayotangulia juisi, zikawa zinashtukia ishara, na juisi yenyewe ikifika zimetulia. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaonyesha jambo lililonifanya niweke kitabu chini: ishara isipotoa uhakika, kuna mshtuko mwingine unaopanda polepole katika ule muda wa kungoja, na hupanda juu kabisa pale uwezekano unapokuwa nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu. Nyekundu au nyeusi. Nilisoma mstari ule mara tatu, nikaiona ndoo, nikaiona saa ikihesabu. Nilikuwa nimeuza ada ya watoto kwa ajili ya ule muda wa kungoja, si kwa ajili ya kilichokuwa mwisho wake.

Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaiweka kamari kwenye fungu moja na pombe na dawa za kulevya, ugonjwa wa uraibu usio na kitu cha kunywa wala kuvuta. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nililia, na mshauri wangu aliniacha nilie. Hata hivyo sijui linanitoa wapi. Ni ugonjwa, sawa. Lakini mkono ulikuwa wangu, na kabla ya kushuka ulikaa juu ya kile kitufe muda wa kutosha kusikia mtoto akipumua. Nimeshindwa kuziweka kauli hizi mbili kwenye sentensi moja bila moja kuila nyenzake.

Yule mwenye mafua ndiye huyu mwenye sarafu. Alikuwa na miaka sita. Alikaa nyumbani siku nane kabla kaka hajalipa, na yeye siku zile anazikumbuka kama likizo: tulicheza sana, baba, ulikuwa nyumbani kila siku. Huwa ananiambia hivyo na macho yanamng'aa.

Nilirudi ndani. Alikuwa ameandika jibu kwa penseli halafu akalifuta, karatasi imechubuka. Nikamweleza kuhusu sarafu kutokuwa na kumbukumbu, nikamsimulia ile habari ya Monte Carlo na mara 26, akafungua mdomo kwa mshangao. "Wote waliliwa?" akauliza. Nikamwambia waliokimbilia nyekundu waliliwa. Akaandika nusu, akapiga mstari chini.

"Basi turushe ya sita tuone."

Kabla sijasema kitu aliirusha juu, akaidaka, akaifunika kwa kiganja juu ya mkono.

"Chagua, baba."

"Mimi sichagui, mama. Fungua tu."

"Chagua bwana, ni mchezo tu."

Nikatazama pembeni, kwenye daftari, kwenye ule mstari aliopiga. Alifunua kiganja polepole, kwa makusudi, kama watoto wanavyopenda kufanya, na katika ule muda wa kungoja moyo wangu uliamka. Mdomo nilikuwa nimeufunga. Lakini ndani nilikuwa nimeshachagua mkia.