Tumejadili mateja, muuzaji tumemruka

Jumapili usiku.

Mkutano wa mtaa wa leo ulijaa kuliko mkutano wowote ninaoukumbuka. Ukiitishwa wa taka, au wa mapato na matumizi, tunajitokeza watu wa kuhesabika, wengi akina mama. Leo viti vya plastiki viliisha, watu wakakalia matofali, wengine wakasimama mpaka barabarani huku bodaboda zikipiga honi kuomba njia. Ajenda ilikuwa moja tu: unga, yaani heroini.

Naandika nikiwa bado na hasira. Tumezungumza zaidi ya saa mbili juu ya mateja, hawa waliotekwa na unga. Juu ya anayewauzia hatukuzungumza hata dakika tano.

Kwa asiyekaa upande huu wa Kinondoni, nieleze kidogo. Kibanda changu cha cherehani kinatazamana na pagala, nyumba iliyoishia kwenye renta, nyasi zimeota hadi ndani, mwenyewe anaishi mbali. Nikiinua macho kwenye mashine naona kila kinachoendelea. Biashara huanza asubuhi mapema, maana mtu aliyelala bila kete, kifurushi chake cha unga, huamka na arosto. Anatetemeka, anatapika, makamasi yanamtiririka, viungo vinamuuma kama vinavunjwa. Huyo hawezi kusubiri. Anakuja na hela aliyoipata kwenye chuma chakavu, anamkabidhi kijana aliyekaa konani akichezea simu. Kijana yule hana kitu mfukoni. Anaelekeza kwa kidevu, mwenzake anatokea upande wa pili, anachomoa mzigo kwenye ufa wa ukuta, anauacha chini ya jiwe, anaondoka zake. Askari wakimpekua wa konani hawaambulii kitu.

Kete yenyewe ni ndogo kama punje ya mahindi, imefungwa kwa nailoni na ncha imechomwa kwa kiberiti ili ijifunge. Vipande vya nailoni nimeshavifagia sana mbele ya kibanda, pamoja na mabomba ya sindano. Watoto wa madrasa wanapita hapo hapo. Kuna mtoto wa miaka sita hivi aliniletea bomba moja, bado lina damu, akaniuliza: "Shangazi, hili linaweza kuwa bastola ya maji?" Nililipokea kwa kitambaa nikalitumbukiza chooni, nikamshika mkono mpaka bombani nikamnawisha kwa sabuni, nikimkagua kidole kimoja kimoja. Mpaka leo nikimwona anapita namtazama vidole.

Kwa hiyo naielewa hasira ya watu waliosimama leo. Mama mmoja alieleza jinsi sufuria lake lilivyobebwa likiwa na maharage jikoni. Mwingine mita yake ya maji imeng'olewa, na bili ya maji yaliyomwagika usiku kucha anadaiwa yeye. Nguo kambani, taa za bajaji, waya wa umeme. Kila mtu ana lake, na kila mmoja alimaliza kwa kupigiwa makofi. Kisha likaja pendekezo: ulinzi shirikishi urudi, kila nyumba ichangie, mateja wote wafukuzwe mtaani, na atakayekaidi ashughulikiwe. Hapo makofi yakazidi.

Mimi sikupiga. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipokamatwa na mita ya maji. Walimpiga kwa mbao zenye misumari, mtu akaenda kuleta tairi. Aliokolewa na mjumbe wetu wa shina, mzee wa watu, aliyekaa chini kando yake kwenye vumbi akakataa kuondoka mpaka polisi walipofika. Kijana yule nilimshonea sare ya shule ya msingi. Mama yake alikuwa akinilipa kidogo kidogo, na hakuwahi kunikopa hata mia. Leo naye alikuwepo mkutanoni, amekaa nyuma, mtandio umeshuka usoni. Kila iliposemwa "mateja" nilimwona akizidi kujikunyata.

Na muuzaji je? Sote tunamjua. Amekulia hapa hapa, anatuamkia vizuri, "shikamoo mama, shikamoo baba". Mtaa ukipata msiba, turubai na viti vinafika kabla hata hatujapitisha daftari la rambirambi, na tunajua vimelipiwa na nani. Wapo aliowasaidia ada. Siwezi kuwalaumu kirahisi waliopokea, maana mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada huulizi hela imetoka wapi. Ila nikikumbuka hela ile ilivyopatikana, najua sufuria lile la maharage limo humo.

Hofu nayo ipo, na ina sababu. Miaka ya nyuma jirani yetu alipeleka jina ofisini kwa nia njema kabisa. Giza lilipoingia, mwenye jina alikuwa ameshajua nani kamtaja. Yakaja mawe, vioo vya madirisha vikavunjwa vyote, na familia ile ilihama. Tangu hapo watu wanajua kwamba kinachosemwa ofisini hakilali ofisini. Mtu akiniambia wakazi wa mtaa huu hawatoi ushirikiano, namkumbusha nyumba ile.

Unga hauoti Kinondoni. Unatoka Afghanistan, unateremshwa hadi pwani ya Iran na Pakistan, unapakiwa majahazini na kuvuka bahari mpaka kwetu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Nilifurahi mno siku ile, nikadhani pagala litapumzika. Halikupumzika. Sheria tunayo tangu mwaka 2015, nayo ni kali, inamgusa hata mwenye jengo anayeruhusu kwa kujua litumike kwa mambo haya. Ila kati ya jahazi na punje ile ya nailoni kuna mkono wa mwisho unaokabidhi, na huo uko hapa mtaani kwetu, unaonekana na kila anayekwenda dukani.

Lililonigusa kuliko yote lilikuja karibu na mwisho. Alisimama kijana anayeuza kandambili pale sokoni. Wengi tunamfahamu, alikuwa teja miaka na miaka. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, hospitali ya Mwananyamala. Huduma ile ilianzia Muhimbili mwaka 2011, mwaka uliofuata ikafika Mwananyamala. Unakunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo, arosto inatulia na mtu anaweza kufanya kazi. Alisema hivi: "Mama zangu, baba zangu, wapo hapa niliowaibia, mnisamehe. Mimi kuacha nimeweza. Kupita pale konani ndiko kunakonishinda. Kila nikirudi kunywa dawa naitwa, 'kaka, chukua hii, leo ya bure.'"

Watu walinyamaza. Nilidhani sasa tumefika penyewe. Mwenyekiti akamshukuru, akasema tumwombee, akahamia kwenye kiwango cha mchango wa ulinzi.

Ya bure! Anayeuza anajua kuliko sisi kwamba mtu akipona, yeye amepoteza mteja, ndiyo maana yuko tayari kutoa kete yake kumrudisha. Sisi tunataka kumfukuza huyu anayejitahidi, na yule anayemwita pale konani hatumtaji. Hata tukiwahamisha mateja wote usiku wa leo, kona ikibaki itapata wengine, na safari hii watakuwa hawa wanaopita na juzuu mkononi.

Nilinyoosha mkono sikupewa nafasi, kwa hiyo nasema hapa. Mwenye pagala atafutwe, aandikiwe barua kwa jina lake, alijenge au alizibe. Anayeogopa ofisi asiipitie: Mamlaka ina namba 119, kupiga ni bure. Polisi kata aje mkutanoni, tena aulizwe mbele ya watu taarifa zetu zinavujaje. Na sehemu ya mchango wa ulinzi iwe nauli. Methadoni ni bure lakini daladala hailipiwi na hospitali, na wanaoacha dawa katikati wengi huangushwa na nauli ya kwenda na kurudi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Baada ya mkutano yule mama wa nyuma alinisubiri kibandani. Mwanawe ameanza kusema anataka kuacha. Nimemuunganisha na wahudumu wanaopita maskani, vijiweni mateja wanakokaa, ndio wanaowapeleka watu kliniki na kuwaandikisha. Jumatano wanapita kwetu, tumekubaliana kijana awepo, na mimi nitafunga kibanda niwe naye. Ya nauli nimeshawagusia wenzangu wa kikoba. Wawili wamekubali tuanze na vijana hawa wawili bila kusubiri mkutano, mmoja amesema hawezi kulea wezi. Nitamrudia kesho.