Mpole jikoni, mkali getini

Mama mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu akitaka nimtafutie binti wa kazi. "Awe wa Iringa, dada, wale wapole, hawana maneno." Kabla hajakata akaulizia pia kijana wa kulinda geti. Huyo naye awe Mhehe, kabila la huko huko Iringa, maana Wahehe wana hasira, mwizi hasogei. Kabila moja, tabia mbili zinazopingana, kila moja inamfaa mwajiri. Nilimwambia sina.

Nafundisha ushonaji hapa Kihesa, Iringa mjini, na wasichana wengi ninaowapokea wamepitia kazi za ndani. Huo upole nauona kwa karibu. Binti anaomba uzi kwa kunong'ona. Mkasi ukimponyoka, anaomba msamaha kabla hujageuka. Kwetu mtoto wa kike hupiga goti kumwamkia mkubwa, "kamwene", na mimi heshima hiyo naipenda, wanangu nimewafundisha. Lakini nyumbani mkubwa naye anakuitikia, anauliza habari za kwenu, anajua wewe ni mtoto wa nani. Ukiipeleka mjini, kwenye nyumba ambayo hakuna anayeujua ukoo wako, linabaki goti tu. Mwenye nyumba analiita tabia ya kabila, na binti mwenyewe anaishia kuamini kwamba ndivyo alivyozaliwa.

Mvulana anaambiwa tangu mdogo kwamba Mhehe hachezewi. Akipigana shuleni, wajomba wanacheka kwa fahari. Anakua hajui njia nyingine ya kusema kwamba ameumia.

Hapo ndipo linapokuja lile neno linaloniuma kuliko yote, kwamba Wahehe tunajiua kwa hasira, tumerithi kwa Mkwawa, mtawala wetu wa zamani. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898, baada ya kuwindwa na Wajerumani tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi. Ulikuwa uamuzi wa mtawala aliye vitani. Kuugeuza kuwa ugonjwa wa damu ni kumdhulumu yeye na kumhatarisha kijana wa leo. Kijana akianza kunyamaza na kujitenga, majirani wanasema "Wahehe ndivyo walivyo", basi imekwisha. Hakuna wa kukaa naye wala wa kumpeleka hospitali.

Na damu yenyewe ni ipi? Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyeunganisha tawala ndogondogo nyingi katika karne ya 19 hadi tukawa watu wa jina moja. Mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alilipokea fuvu la babu yake liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi, kazi ya kusikiliza watu wakibishana na kuwatuliza. Sijasikia hata mmoja akimtaja huyo anapoeleza Mhehe yukoje.

Kwangu kila binti anataja mwenyewe bei ya kazi yake na kuongea mwenyewe na mteja. Mwanzoni wanaitaja wakitazama sakafu. Juzi mmoja alibishana na mteja juu ya pindo la gauni, akasimama pale pale, akaeleza alivyolipima, hadi akalipwa hela yake yote. Mteja akaondoka akisema huyu si binti wa Iringa. Ni wa Kilolo, humu humu Iringa, kwa baba na kwa mama.