Nilivyoachana na kompyuta ya kipande kimoja nikanunua kasha la kuhariria video

Aliyenishauri alisema: "Chukua ile ya kipande kimoja, kila kitu kiko nyuma ya skrini, nyaya hakuna, meza inakaa safi." Kuhusu meza alisema kweli.

Kazi ni video za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), kamera mbili au tatu, 4K ya megabiti 100 kwa sekunde. Piga hesabu: saa moja ya kamera moja ni GB 45. Kamera tatu kwa saa nne ni GB 540 kabla hujaweka muziki. Mzigo huo unaamua kila kitu kingine.

Ile ya kipande kimoja niliipata Moi Avenue, Nairobi, ya mtumba kutoka Uingereza, inchi 24, shilingi elfu hamsini na kitu. Kibandiko kilisema i7, na mimi nikasoma hapo nikaishia hapo. Jina kamili la prosesa lilikuwa i7-8700T. Herufi hiyo T ya mwisho ndiyo niliyoinunua bila kujua. i7-8700 ya kawaida ni ya wati 65 na kasi yake ya chini ni GHz 3.2, yenye T ni ya wati 35, GHz 2.4. Nuklia (cores) ni sita kwa sita, lakini moja imefungwa kamba. Nyingine za aina hii hubeba prosesa zenye U, ambazo ni za laptopu kabisa. Usimwulize muuzaji kama ni i7. Fungua Task Manager, Performance, usome herufi ya mwisho.

Faili la kwanza la dakika 40, rangi zikiwa zimerekebishwa, lilichukua saa mbili na robo kutoka (export). Kila mtu aliniambia ni joto. Nikaamini, na hapa ndipo nilipopoteza wikendi nzima. Kifuniko cha nyuma kinashikwa na vibana vya plastiki, si skrubu, kwa hiyo unakichokonoa kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Nikapuliza vumbi kwa blowa, nikafuta pesti kavu ya kupitisha joto la prosesa kwa spiriti, nikapaka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya dengu, nikaweka na feni ya mezani nyuma. Joto likashuka kutoka nyuzi 81 hadi 73. Nikajipongeza. Nikatoa faili lilelile tena: saa mbili na dakika kumi.

HWiNFO, programu ya bure, ndiyo iliyonivua nguo. Ina sehemu inayoonyesha kwa nini prosesa imepunguza kasi. Mstari wa joto ulisema Hapana. Mstari wa nguvu ulisema Ndiyo. Prosesa haikuwa inachemka. Ilikuwa imefika wati 35 ilizoruhusiwa na kukaa hapo, GHz 2.5, hata ungeiweka ndani ya friji. Pesti haiongezi wati. Kadi ya grafiki ya kuongeza haina pa kuingia, na tundu la Thunderbolt la kuunganisha kadi ya nje halikuwepo.

Isieleweke kwamba zote ni takataka. iMac zenye chipu za Apple kuanzia M1 zina kifaa maalumu cha kufungua video zilizobanwa kwa H.264 na HEVC, na zinacheza 4K bila jasho. Shida yake ni kwamba RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo, na skrini ikifa kompyuta nzima inaenda kwa fundi.

Basi kasha, yaani sanduku la kompyuta lisilo na skrini, ambalo wengi wetu hapa Nairobi tunaliita CPU. Nalo lina mtego wake: yale membamba ya ofisini yanayopangwa kama matofali kule mtaa wa Luthuli. Ni ya bei nafuu na yanavutia. Kadi ndefu haiingii, inaingia ile fupi ya nusu kimo tu, na pawa saplai nyingi zake hazifiki wati 300. "Si unabadilisha tu pawa saplai," bosi wa duka akaniambia. Mengi ya hayo hayatumii plagi ya kawaida ya pini 24. Kiwanda kiliweka ya kwake. Mwambie afungue kasha kwanza, uhesabu pini.

Nilichukua HP Z440, nayo ya mtumba, yenye prosesa ya Xeon E5-1650 v4: nuklia sita, GHz 3.6, wati 140. Pawa saplai ziko za wati 525 na za wati 700, na kwa nje kasha ni lilelile, kwa hiyo soma kibandiko cha saplai yenyewe. Yangu ni 700. Kadi ya grafiki ni RTX 3060 ya GB 12. Angalia hapa pia, kuna 3060 ya GB 8 yenye jina hilohilo. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, hutegemea sana kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, inakuambia imejaa na inasimama.

Kuiunganisha kulinipa raha. Kadi inataka plagi moja ya pini 8, na saplai ya Z440 inatoa nyaya mbili za pini 6. Waya sahihi ni ule unaokusanya pini 6 mbili kuwa 8 moja: wati 75 kila upande, jumlisha 75 za tundu la madabodi, 225. Kadi inakula 170. Dukani walitaka kuniuzia waya wa bei nusu unaochota umeme kwenye plagi ya SATA ya diski. Plagi hiyo imetengenezewa wati 54 upande wa volti 12. Ukiilazimisha inayeyuka polepole, na utaisikia kwa pua kabla ya kuiona.

RAM: Xeon hii husoma njia nne kwa pamoja. Kijiti kimoja cha GB 32 kinaacha njia tatu zikiwa tupu. Weka vinne vya GB 8, kwenye nafasi zilizochorwa ndani ya kifuniko. Ni DDR4 za seva, aina ya registered. Ukichanganya na za kompyuta ya kawaida, haiwaki, inapiga milio tu.

Udhaifu upo, na nimeukubali. Xeon hii haina grafiki yake ya ndani, kwa hiyo kadi ikikosekana skrini haionyeshi kitu. Haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025; mashine yangu haizururi mtandaoni. Na video za HEVC za biti 10, 4:2:2, yaani zinazohifadhi rangi kwa undani zaidi, kama za kamera ya Sony A7 IV, wala prosesa hii wala 3060 haziwezi kuzifungua kwa kifaa. Za hizo natengeneza proksi, yaani nakala nyepesi, za DNxHR usiku, asubuhi nahariri kwa proksi. Kama kazi yako yote ni ya 4:2:2, tafuta kasha lenye Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu yenye grafiki ya ndani.

Stima nayo. UPS ya 650VA iliyotosha kompyuta ya mwanzo ilipiga kelele na kuzima kasha likiwa kazini. VA si wati. Nilienda kwenye 1500VA yenye wimbi safi la sine, kwa sababu saplai za kisasa huweza kukataa wimbi la ngazi-ngazi la UPS za bei ya chini na kujizima palepale stima inapopotea.

Faili la dakika 40 sasa linatoka kwa dakika 25 hivi. Kwa jumla, pamoja na kadi, UPS na SSD, niko kama laki moja na thelathini, monita ikiwa kando.

Monita nilijaribu kuikwepa. Nikawaza, ile ya kipande kimoja ina skrini nzuri ya IPS na tundu la HDMI, si niifanye monita ya kasha? Nikachomeka, nikabofya, nikabadilisha waya mara tatu. Tundu lile ni la kutoa picha, si la kupokea. Nimeiuza kwa saiba (duka la intaneti) moja ya mtaani, inachapisha fomu za KRA, mamlaka ya kodi, kutwa nzima na haijawahi kulalamika.