Nairobi nayo ni ughaibuni, ulizeni Julai

Jamani wa kwetu mlio ughaibuni, salamu kutoka Nairobi. Jua hatujaliona tangu Jumapili. Si mvua, wala si ukungu hasa. Ni wingu moja zito la kijivu lililokalia mapaa ya watu, na manyunyu yasiyotosha hata kukinga ndoo. Saa nne asubuhi taa za ndani bado zinawaka.

Najua mtakavyonijibu. Yule wetu wa Minneapolis, Marekani, kila nikilalamika ananitumia picha ya gari lake lililofukiwa na theluji, halafu anaandika, "Endelea shoga, tunakusikiliza." Wa Salalah, Oman, ndiye mbaya zaidi. Kwake yeye Nairobi si ughaibuni hata kidogo. Ughaibuni gani unaufikia kwa basi? Ati nimetoka Pangani ya kwetu Tanzania, nikapita Tanga, Horohoro na Mombasa, nikafika Nairobi nikapanga nyumba mtaa wa Pangani. Basi ndiyo mnaniita "aliyesafiri kutoka Pangani kwenda Pangani." Haya. Ila Pangani yetu ina mto na kivuko cha kuvukia Bweni, na Pangani hii ina barabara ya Thika na matatu zinazofungulia muziki mpaka vioo vya sebuleni vinatetemeka.

Kuhusu baridi, nitawaambia mara moja na mniache. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Mchana wa Julai kwetu Pangani ni nyuzi 28 hivi; hapa tukifika 22 tunashukuru, na alfajiri huwa 12 au chini yake. Ikweta iko jirani lakini haitusaidii kitu. Kwa mtu wa Minneapolis 12 ni siku ya kuvua koti, nakubali. Lakini 12 yake iko nje. Januari huko kwao, nje ni 10 na zaidi chini ya sifuri, yeye yuko ndani amevaa fulana anakula aiskrimu. Katikati ya mji wao kuna vijia vya vioo vilivyounganisha majengo kwa juu, mtu anatoka kazini anaingia dukani bila kukanyaga theluji. Mimi 12 yangu ninaishi nayo ndani! Nyumba ya mawe, sakafu ya vigae, dirisha la kioo kimoja, na juu ya dirisha matundu ya hewa yasiyofungika. Hita hakuna. Anayetangulia kukalia choo asubuhi ndiye shujaa wa nyumba.

Na nguo hazikauki. Hili hamlijui nyinyi wenye mashine za kukaushia. Nikifua sare za shule Ijumaa jioni, Jumapili usiku sweta bado lina ubichi kwenye mikono na ukosi. Soksi zinapangwa nyuma ya friji, kwenye zile nyaya zenye joto, na sketi inapigwa pasi mpaka mvuke unatoka, mtoto anaivaa ingali na joto na kusema leo imependeza kuliko siku zote.

Mama alikuja kutusalimia katikati ya msimu huu huu. Nilimwambia asubiri Septemba, akasema mjukuu hasubiri kukua. Alishuka kwenye basi la usiku alfajiri, ndala miguuni, kanga mbili na baibui. Siku hiyo hiyo nikampeleka soko la mitumba la Gikomba. Tulirudi na sweta, soksi nene, boshori la sufi na koti refu la mtumba ambalo huenda lilianzia kabatini kwako, wewe wa Minneapolis. Boshori alilivaa juu ya mtandio na hakulivua tena, hata kulala. Jirani yangu Mkikuyu alikuwa akimpitishia uji wa wimbi kila asubuhi, "Cucu, kunywa upate joto," yaani bibi, na wakawa marafiki wakubwa, kila mmoja akiongea kwa namna yake.

Tulichovutania ni jiko. Jioni moja nimerudi kazini nakuta yale matundu ya hewa yamezibwa yote kwa kanga kuukuu, zimekunjwa vizuri na kusokomezwa kwa mwiko, na jiko la makaa liko katikati ya chumba cha mtoto, makaa mekundu yameiva.

"Mama, samahani, jiko haliwezi kulala humu."

"Mie nimelala na jiko tangu nazaliwa."

"Ulilala nalo nyumba ya makuti, Mama. Upepo ulikuwa unaingia huku unatokea kule."

Akanuna. Nikamweleza kwamba makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inakamata damu mahali pa oksijeni, na mtu analala tu asiamke. Kila msimu wa baridi habari hizo hazikosekani hapa Kenya, familia imekutwa asubuhi na jiko katikati. Kwangu hakuniamini sana. Jirani alipokuja kumwambia yale yale ndipo akatoa jiko mwenyewe mpaka kibarazani, na kanga zake akazichomoa moja moja. Tukanunua mpira wa maji ya moto. Anaukumbatia usiku, na asubuhi maji yaliyobaki uvuguvugu anatilia udhu. Nikaona kumbe tungefanya hivyo toka zamani.

Jambo lililonifanya niwaandikie ni simu aliyopiga aliporudi nyumbani. Akasema, "Huku kusi imekaza, mashua hazitoki." Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni hali ya hewa. Kwa aliyezaliwa Pangani, hiyo ni kusema samaki hakuna au ni ghali, na kaka yangu anayevua yuko nyumbani anashona nyavu na hana kitu. Mama hajawahi kuomba hela hata siku moja. Anatangaza hali ya hewa. Akisema "mvua ya jana ilikuwa na upepo", paa limefunuka. Akisema "jua kali", kisima kinakauka. Mimi nasikiliza utabiri mpaka mwisho, nasema alhamdulillahi, nikikata simu natuma hela kwa simu hiyo hiyo. Kesho yake ananiarifu kwamba kumekucha vizuri.

Sasa sikilizeni, maana kusi hiyo ni yetu sote, au karibu sote. Upepo ule ule unaozuia mashua zisitoke ndio unaobeba unyevu wa bahari kuuleta bara. Ukianza kupanda nyanda za juu huku, hewa inapoa, unyevu unageuka wingu, na wingu ndilo hili lililonikalia. Sehemu nyingine ya upepo inafuata pwani kwenda kaskazini, inavuka ikweta, inapinda kuelekea Uarabuni, na ndiyo inayoleta kharif ya Salalah, yaani msimu wao wa manyunyu na ukungu, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Ndiyo maana huyu mwenzetu anatutumia picha za milima ya kijani yenye ukungu wakati Muscat wanaungua na nyuzi 40 na zaidi. Watu wa Ghuba nzima wanamiminika kwake kuja kunyeshewa manyunyu, tena wanalipia! Mimi napata yale yale bure na sina wa kumuuzia. Tena ana vibanda vya madafu na ndizi na mapapai barabarani, wakati huku nazi moja ya kukuna nainunua kwa kufikiri.

Nilipomweleza Mama habari hizo za upepo alinicheka. Babu alikuwa baharia wa jahazi, kusi alikuwa anaijua kuliko simu yangu. Kwa mujibu wa Mama, wazee walikuwa wakiondoka kwenda Uarabuni kusi inapoanza, au wakisubiri ilegee kuelekea mwisho wake. Katikati, Juni na Julai, mwenye akili alikuwa anavuta chombo pwani na kukipaka shahamu. "Na wewe," akaniambia, "hukusubiri kitu, ulipanda basi."

Aliyebaki nje ya upepo huu ni wa Minneapolis, na huyo Julai hana haki ya kutuma picha ya theluji. Julai Minneapolis ni nyuzi 28 hivi mchana. Sawasawa na Pangani! Jua kwake linazama saa tatu usiku, sisi hapa saa moja usiku giza limeshaingia na tumevaa soksi mbili mbili. Anavaa kaptura, anachoma nyama ziwani. Analalamika mbu. Akitoka zamu ya usiku kule anakohudumia wazee, saa moja asubuhi yake, huku ni saa tisa mchana, ndipo anapotupigia, na jua limempiga usoni mpaka amefumba jicho moja. Nimeshamwambia picha zake za Januari azitume Januari.

Kuhusu kukutana nyumbani, naona hatujakubaliana. Wa Minneapolis anataka Disemba, amechoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Wa Salalah anasema baada ya kharif, wageni wakishaondoka na kazi ikipungua. Mama, ambaye hakuulizwa, amekataza masika moja kwa moja, kuanzia Machi hadi Mei asione mtu na masanduku. Na Julai ameikataa pia: mashua hazitoki, atawalisha nini? Mimi nasema Disemba. Upepo wa kaskazi utakuwa umeingia, bahari imetulia, embe zimeiva, na shule za huku zimefungwa. Nauli ya basi nitaanza kuweka mwezi ujao. Nyinyi wa ndege angalieni tiketi mapema, na anayekuja asiniletee koti.